Shangazi, mabishano yetu yanajifuta, niyatunze?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa kiume niko Mwanza, tuna grupu letu la WhatsApp kina dada na kina kaka tumechanganyika, tunajadili mwanaume ana nafasi gani kwenye ufeministi, hizi harakati za kudai haki sawa kwa wanawake, yaani kuna siku tunabishana mpaka usiku wa manane, wengine wanasema mwanaume akae pembeni asikilize tu, wengine wanasema wanaume wasipobadilika hakuna kitakachoenda. Sasa admini, ambaye ni dada, kaweka meseji zijifute kila baada ya siku 7 na roho inaniuma. Rafiki yangu anasema hizo ni chati tu niziache. Niyatunze hayo maneno au vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yatunze, ila kwa ridhaa ya wenyewe.

Huyo rafiki yako mwambie habari ya Seneca Falls, kule New York, mwaka 1848. Wanawake waliitisha mkutano kudai haki zao, tamko likasainiwa na wanawake 68 na wanaume 32, mmoja wao Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani. Hoja ya kura kwa wanawake ilitaka kukwama, hata baadhi ya waliokuwemo waliona imezidi, Douglass akasimama kumuunga mkono Elizabeth Cady Stanton, mmoja wa wanawake walioitisha mkutano, na ikapita. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba ripoti ya mkutano ule ilichapwa kwenye ofisi ya gazeti la Douglass, mjini Rochester, na ile karatasi yenye saini haijapatikana mpaka leo, serikali ya Marekani imewahi kuomba watu waisake na wapi! Tunasoma nakala zilizochapwa. Kwangu mimi hiyo kazi ya kuchapa ni kubwa kama ile hotuba, maana alitumia mtambo wake maneno ya wanawake yabaki.

Na usitunze matamu tu. Mei 1869 hao hao walivurugana vibaya jijini New York, Douglass akitaka kura ya wanaume weusi isicheleweshwe, Stanton na mwenzake wa harakati, Susan B. Anthony, wakipinga wanawake kuachwa nje, na Stanton alitoa maneno ya kibaguzi yanayoumiza kuyasoma hata leo. Tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Kwa hiyo hata kama kuna kaka aliyeongea ovyo kwenye grupu lenu, na dada aliyemjibu, wote wabaki kama walivyosema.

Sasa ridhaa. Kabla ya yote muulize admini kwa nini kaweka zijifute, maana inawezekana kuna dada humo kasimulia kipigo cha nyumbani na mumewe huwa anashika simu yake. Usalama wa huyo dada unatangulia, hata kama stori yake ndiyo nzito kuliko zote. Tanzania tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, maneno ya mtu ni yake. Anayekataa, yake yatoe, halafu andika palepale kwamba hapa pametolewa kitu, ili msomaji wa kesho asidhani dada fulani alikaa kimya. Majina na namba ondoa, weka herufi.

Skrinshoti achana nazo, zinachanganya mpangilio na huwezi kutafuta neno ndani yake. Toa gumzo zima kama faili la maandishi, vois noti ziandikwe, juu weka tarehe na jambo lililowasha mjadala, nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi anayokaa nayo mtu mwingine.

Kitu kimoja nakusisitizia sana mwanangu, usikae peke yako kuchagua kipi kibaki. Tafuta kina dada wawili watatu humo humo, wao ndio wawe na neno la mwisho, wewe chapa. Na muulize admini leo, meseji za wiki iliyopita zishaanza kufutika.