Fundi wa Rangi Anajibu: Malengelenge Juu ya Tairi

*Shikamoo fundi. Nimenunua Toyota IST ya mwaka 2004, rangi ya silva, mkononi mwa mtu. Injini haina neno, ila sura yake inanikera. Juu ya tairi la nyuma rangi imevimba, mlango una mikwaruzo, taa za mbele zimekuwa za njano na bampa limebonyea. Gereji wamenitajia bei ya kupiga rangi gari zima, siiwezi. Kuna ninachoweza kufanya mwenyewe nyumbani?*
*Msomaji wa Raskazone, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Kipo, tena kingi. Anza na yale malengelenge. Mikwaruzo hata mwaka mzima itakungoja, lakini kutu haingoji, na hapo Raskazone gari linavuta chumvi ya bahari usiku na mchana.

Bonyeza lengelenge kwa ncha ya bisibisi. Likipasuka ukagusa chuma kigumu, kazi ni yako. Bisibisi ikizama, bati limeliwa kutoka ndani, kwenye ule ukingo uliokunjwa ambako matope hutuama na hakuna anayepaosha. Hapo pakatwe, pachomelewe bati jipya. Mpelekee fundi wa bodi sehemu hiyo tu, na usikubali kuuziwa kazi ya gari zima.

Chuma kikiwa kizima, vaa barakoa na miwani, kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka king'ae. Vuka mpaka wa kutu kwa upana wa vidole viwili, maana hutambaa chini ya rangi inayoonekana nzima. Vile vidoa vyeusi ndani ya vishimo ndivyo vinavyorudisha ugonjwa, usivihurumie. Laini kingo kwa namba 240, halafu fumba macho upitishe kiganja. Ukihisi ngazi, bado. Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ipulizwe siku hiyohiyo, nje penye hewa na mbali na jiko. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja Tanga, asubuhi utakikuta na vumbi la rangi ya chungwa.

Puti, ule ute wa kujazia mashimo ya bodi, ni ya kusawazisha tu, iwe nyembamba, na uisugue kwa msasa mkavu kwa sababu inafyonza maji. Hili lina historia kwangu. Nikiwa bado najifunza kazi, mkubwa wangu aliniamuru nijaze puti juu ya kutu kwenye pikapu ya mzee mmoja aliyebeba ndizi. Gari lilitoka likipendeza. Baada ya masika mzee alirudi ameshika kipande cha puti mkononi, kimebaki na umbo lilelile la fenda, na upande wake wa ndani umekolea kutu kama hina. Hakugomba. Alikiweka mezani, akauliza kama fedha yake ilikuwa na kasoro. Toka siku hiyo sijafunika kutu ya mtu yeyote.

Sasa mlango. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, ni klia tu iliyoumia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi; kampaundi (dawa ya kung'arisha rangi) na kitambaa laini vinatosha. Ukikwama, fungua boneti utafute kibati kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Palipoandikwa C/TR, herufi na namba zinazofuata, zilizo kabla ya mkwaju (/), ndiyo rangi yako. Duka la kuchanganya rangi litakupimia kidogo kwa namba hiyo, nawe uijaze kwenye mkwaruzo kwa brashi ndogo ya kuchorea. Usijaribu kupuliza kiraka katikati ya mlango. Silva ina chembe za alumini, nazo hulala kufuatana na mkono wa anayepuliza, hivyo kiraka kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Pale juu ya tairi ulipopiga praima, nunua saa moja ya fundi mwenye kompresa akupulizie rangi. Ni fedha ndogo kuliko kurudia.

Taa usizipake dawa ya meno. Zitang'aa, lakini baada ya muda mfupi njano itarudi, maana kinga ya jua imeshatoka. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kulinda rangi ya pembeni, sugua kwa msasa wa maji namba 800. Mwanzoni yatashuka maji ya njano. Endelea mpaka yawe meupe. Fuata 1500, 2000 na 3000, kisha kampaundi, na umalize kwa klia ya taa yenye kinga ya jua. Bila hiyo ya mwisho umefanya kazi bure.

Bampa ni plastiki: mwagia maji yaliyochemka juu ya kibonyeo, vaa glavu, sukuma kwa nyuma.

Na jioni ya leo, kabla hujanunua chochote, lala chini na mpira wa maji uoshe ukingo wa ndani wa bodi juu ya matairi yote manne. Udongo utakaotoka humo utakushangaza.