Kwa dada aliyeuliza kuhusu mikanda ya viraka vya Kiseminole inayopinda kwenye foronya

Dada, umesema mikanda yako ilipendeza ikiwa mezani, ila ulipoiunga kwenye foronya za zawadi ya harusi ikafanya mawimbi, na baada ya kufuliwa mara moja mishono mingine imefumuka. Hayo ni mambo mawili tofauti na yote yana dawa. Mimi nashona foronya, vitambaa vya meza na mapazia kwa kuuza, na mtindo huu naupenda kuliko mwingine wowote, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Mtindo wenyewe ni wa wanawake wa Kiseminole na Kimikosuki, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani walioko kusini mwa Florida. Vyerehani vya mkono viliwafikia mwishoni mwa karne ya 19 kwa wafanyabiashara waliokuwa wakinunua ngozi kwao, na kufikia miaka ya 1920 mikanda ya viraka ilikuwa imeshaenea kwenye sketi zao na mashati ya waume zao. Barabara ya Tamiami ilipofunguliwa mwaka 1928, ikipita katikati ya vinamasi vya Everglades, wasafiri nao wakawa wateja. Wanawake hawa nawaheshimu sana kwa jambo moja: waliifikiria kazi kwa akili ya cherehani. Hawahangaiki na kiraka kimoja kimoja. Wanaunga tepe ndefu za kitambaa kwanza, wanazikata zikiwa zimeshaungwa, kisha wanazipanga upya.

Sasa hesabu. Chukua mfano rahisi wa almasi. Tepe ya katikati kata inchi 1½. Tepe mbili za pembeni kata inchi 2, hata kama maelezo uliyosoma yanataka zote zilingane. Zikilingana, ukija kupunguza kingo utakosa kitambaa cha mshono palepale kwenye ncha za almasi. Unga zote tatu kwa mshono wa robo inchi. Kisha kata vipande vya inchi 1½ kwa kukingama. Kitambaa cha upana wa inchi 45 kinatoa vipande 30. Viunge, kila kimoja ukikishusha ngazi moja chini ya mwenzake, yaani kimo cha kiraka cha katikati. Kila kipande kinakupa karibu inchi 1.4 ya mkanda, kwa hiyo 30 vinafika kama inchi 42, na hizo zinazunguka mdomo wa foronya ya inchi 20 na ziada kidogo inabaki.

Kwa nini ilifumuka? Kwa sababu unakata juu ya mshono ambao haukufungwa mwisho, na huwezi kurudi nyuma na cherehani kwenye kila kipande. Fupisha hatua ya mshono hadi kama milimita 2. Pasi nayo ina kazi yake hapa: laza mishono yote miwili ikitazama nje, mbali na tepe ya katikati. Ukishusha kipande, mshono wa juu wa kimoja unakutana na wa chini wa kingine, mmoja umelala huku na mwingine kule, vinashikana vyenyewe na pembe zinakutana bila pini nyingi.

Mawimbi ndiyo yenye somo kubwa. Mkanda ukimaliza kuuunga una meno juu na chini, na ukiyakata unyooke, kingo zote mbili zinakuwa za mshazari. Kitambaa cha mshazari kinavutika hata kwa uzito wake chenyewe. Tazama sketi za Kiseminole: mkanda wa viraka umekaa kati ya tepe za kitambaa kitupu zilizokatwa kwa mnyoofu wa uzi. Fanya hivyo hivyo. Pima mdomo wa foronya, kata tepe hizo kwa kipimo hicho, kisha uulazimishe mkanda ufuate tepe, tepe ikiwa juu na mkanda chini kwenye meno ya cherehani. Pasi ibandike na kuinua, usiiburuze. Usipunguze kingo leo ukaja kushona wiki ijayo.

Ncha za mkanda zitakuwa zimeinama. Usizitupe. Kata mkanda wima mahali popote katikati, halafu unga zile ncha mbili za mwanzo na mwisho, nazo zinashika almasi kama nyingine. Sasa una ncha mbili zilizonyooka.

Tumia pamba tupu, na uifue kabla ya kukata. Kitenge chenye nailoni weka kando, hakirudi sawa na pamba. Nyekundu iloweshe na uibane na kipande cheupe chini ya pasi. Ikichuja, itaharibu foronya yote. Nyuma ya mkanda weka bitana, maana mishono yote ile wazi haitavumilia kufuliwa kila wiki.

Ukitaka mkanda huu kwenye taulo pia, lifue kwanza, kisha mkanda uuweke juu ya ule ukanda laini usio na manyoya karibu na mwisho wake.

Na ukifikiria kuuza, mweleze mteja kwamba mbinu ni ya Waseminole na mikono ni yako. Marekani kuna sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi kwa kudai imetengenezwa na Wahindi Wekundu wakati si yao, na hata huku kwetu wanastahili kutajwa.

Ukituma picha, piga upande wa nyuma wa ile foronya iliyofumuka. Hapo nitaona kama ni hatua ya mshono tu au na uzi pia.