Niliacha Kazi, Nikaajiriwa na Simu

Asubuhi ya kwanza bila kazi niliamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, nikavaa viatu, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Nikavivua. Nikarudi kitandani na simu, nikafungua eFootball, gemu la mpira. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshavuka ukuta wa ploti na chai niliyopika imeshika utando.

Nilikuwa afisa wa mikopo hapa Nakuru. Miaka minne nikizunguka Kaptembwo, Rhonda na Free Area, nikifuata watu waliojua mlio wa pikipiki yangu na kufunga mlango kabla sijaizima. Kila jioni majina yetu yaliwekwa kwenye grupu ya WhatsApp, kila jina na asilimia yake, na aliyekosa targeti alijieleza mbele ya wenzake. Siku nilipobeba televisheni ya mama mmoja huku wanawe wakitazama katuni, nilijua mwaka hautaisha nikiwa pale.

Kabla ya gemu, mambo ya mfukoni, maana gemu halichezeki ukiwa na kodi ya nyumba kichwani. Usiondoke kwa hasira. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, na siku za likizo ulizofanyia kazi bila kuzichukua ni pesa zako. Mimi nilikuwa nazo kadhaa, na nusura niziache kwa sababu niliona haya kuuliza. Uliza. Dai pia cheti cha kazi, hata kama hutaki kuona jengo hilo tena. Halafu kuna SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: mwajiri alikuwa akikata asilimia 2.75 ya mshahara wako, na akiacha kukata, mzigo ni wako. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mimi nililipia mwaka mzima siku ileile hesabu yangu ya mwisho ilipoingia, na kodi ya miezi mitatu. Keatekaa wa ploti alidhani nimepandishwa cheo.

Sasa gemu lenyewe.

Wiki tatu za kwanza nilisema napumzika. Ukweli ni kwamba nilikuwa kazini. eFootball, ile ambayo zamani tuliiita PES kabla Konami hawajabadilisha jina mwaka 2021, haikuulizi senti kuingia. Inachokitaka ni wewe urudi. Ukifungua leo unapewa zawadi, ukifungua kesho nyingine. Kuna kazi za kumaliza kabla ya wiki kwisha na kuna daraja unaloshuka ukifungwa. Nikajikuta naweka alamu ili nisikose zawadi. Usiku mmoja nilifungwa mechi tano mfululizo na tumbo likanikaza vilevile lilivyokuwa likinikaza saa kumi na moja jioni, grupu ya WhatsApp ilipolia. Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Nilikuwa nimeacha targeti za bosi mmoja, nikajitafutia nyingine, na hizi hata mshahara hazina.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako uliyeacha kazi juzi si kwamba uache gemu. Mwangalie unayecheza naye. Kuna gemu linalokuachilia uende na kuna gemu linalokushika shati. Jiulize swali moja tu: nisipolifungua siku tatu, nitapoteza nini? Kama kuna kitu utapoteza, hiyo ni ajira.

Nililoangukia baadaye, kwenye laptopu yangu kuukuu, ni Stardew Valley. Lilitoka mwaka 2016, na aliyelitengeneza, Eric Barone, alikaa nalo peke yake zaidi ya miaka minne. Linaanza na mtu aliyechoshwa na dawati la kampuni kubwa. Anafungua barua aliyoachiwa na babu yake, anahamia shambani. Nilicheka peke yangu chumbani. Halafu nikagundua kwamba msimu mmoja kule una siku 28, sawasawa na notisi yangu! Tofauti ni kwamba siku ya kule ni kama dakika 14, kwa hiyo notisi niliyoitumikia nikihesabu kila asubuhi ingeisha kwa saa sita na nusu hivi.

Ila kilichonifaa ni kitanda. Gemu hilo huhifadhi ulichofanya mhusika wako anapolala, na ikifika saa nane usiku bado yuko nje, anazirai palepale na anaweza kuamka amepungukiwa pesa. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nalala saa tisa. Nikaona aibu kwamba mkulima wa kwenye skrini ana adabu kunishinda. Nikajiwekea siku zake nne kwa siku yangu moja, takriban saa nzima, kisha laptopu inafungwa. Sitakudanganya: "siku moja tu ya mwisho" ina utamu wake, na kuna jioni ambazo nne zilizaa tisa.

Ikifika mahali huwezi kujizuia, gemu linatangulia chakula na watu, na unaona madhara lakini unaendelea kwa miezi mingi, hilo lina jina hospitalini. Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Zungumza na daktari. Wengi wetu hatujafika huko. Sisi tunaona haya tu.

Na aibu hiyo ndiyo nilipata taabu nayo zaidi. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021 lakini habari za ploti bado husafiri kama za kijijini. Mama wa mlango wa pili aliniuliza, "Baba, siku hizi huendi?" Nikamwambia nafanyia kazi nyumbani. Uongo huo ulinigharimu, maana ilibidi nicheze bila sauti na pazia limeshushwa, na starehe ya kujificha haina ladha. Nilipomwambia ukweli alisema, "Ala! Basi nishikie mtoto nifike Top Market." Siku hiyo niliacha kushusha pazia.

Toka pia nje. Kuna kibanda karibu na kwetu ambako mechi ya PlayStation ni shilingi 20. Nilikwenda nikidhani nitawafunza wale vijana. Mmoja bado amevaa sare ya shule, alinipiga sita bila, akaniuliza kwa heshima kama pedi yangu ilikuwa na shida. Nimecheka pale kuliko nilivyocheka ofisini miaka minne. Jumamosi nyingine napanda mlima Menengai kwa miguu, nakaa ukingoni na muhogo wa kuchemsha. Huko hakuna la kueleza, panda tu, mapema kabla ya jua.

Mama yangu ndiye niliyemwogopa mwisho. Analima Njoro, na kwake mtu mzima anayecheza mchana ni mgonjwa. Alipokuja mwezi wa pili nilimweleza yote, kuanzia ile televisheni. Akanyamaza kidogo, akasema nionyeshe hicho kinachokukalisha ndani. Nikamfungulia shamba langu. Akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni ng'ombe, mama."

"Anatoa kiasi gani?"

Nikamwambia anakamuliwa mara moja kwa siku, mtungi mmoja.

"Mtungi mmoja?" Akasogeza kiti karibu na skrini. "Na unamlisha? Huyo uza leo. Na hizi mboga, nani alikufundisha kumwagilia saa saba mchana?"