Kijana Akivuka Mpaka, Klabu Iliyomlea Inastahili Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa klabu ya vijana hapa Masasi. Tulimpokea kijana mmoja mwaka aliotimiza miaka 13, tukakaa naye hadi mwisho wa mwaka aliotimiza 16, kisha akaenda Dar es Salaam. Mipira na nauli za mechi tulizilipa kwa michango ya wazazi, mingi ikitoka katika mauzo ya korosho. Sasa ana miaka 19, na klabu moja ya Msumbiji inataka kumsajili kama mchezaji wa kulipwa. Je, tunastahili chochote?
Katibu, Masasi

JIBU: Ndugu Katibu, mnaweza kustahili fidia ya mafunzo, lakini ulizeni kwanza kama kijana huyo alisaini mkataba wa kulipwa huko Dar es Salaam au alicheza kwa ridhaa tu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa wa kulipwa, na usajili huo ukafanyika katika nchi nyingine, klabu zote zilizomsajili tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hulipwa kadiri ya muda ambao kila moja ilimfundisha. Akiwa tayari amekuwa wa kulipwa Dar es Salaam, klabu anayoiacha ndiyo pekee itakayodai kwa Msumbiji, nanyi mtabaki na kile tu kinachotolewa na kanuni za ndani za TFF, yaani shirikisho la soka la Tanzania. Naliona jambo hili kuwa zito kwetu watu wa kusini, kwa kuwa kijana wa Mtwara au Lindi mara nyingi hupitia Dar es Salaam kabla ya kwenda nje.

Tuchukulie kwamba alikuwa wa ridhaa. Hesabu haifuati risiti zenu za mipira na nauli, bali gharama zilizowekwa kwa daraja la klabu inayompokea (yaani kundi ambalo klabu imepangwa kwa kadiri ya gharama zake za mafunzo, si daraja la ligi), kana kwamba ndiyo iliyomfundisha. Barani Afrika daraja la pili ni dola 30,000 kwa mwaka, la tatu dola 10,000 na la nne dola 2,000; na miaka ya umri wa 12 hadi 15 huhesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne. Klabu ya Msumbiji ikiwa ya daraja la tatu, miaka yenu mitatu ya mwanzo ni dola 6,000 na mwaka wa 16 ni dola 10,000, jumla dola 16,000. Ikiwa ya daraja la nne, hakuna fidia yoyote. Kijana huyohuyo angekwenda moja kwa moja katika klabu ya daraja la kwanza Ulaya, fungu lenu lingefika euro 120,000.

Haki hiyo huisha mwishoni mwa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 23, lakini upo pia mgawo wa mshikamano, ambao hauna kikomo cha umri. Mchezaji anaponunuliwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka baada ya hapo. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 alikuwa na miaka 27, umri uliopita fidia ya mafunzo, lakini uhamisho wa namna hiyo ndio unaozipa klabu za utotoni haki ya mgawo. Ninyi fungu lenu ni asilimia 1.25, yaani dola 1,250 katika kila dola 100,000.

Yote haya hutegemea usajili. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, na msingi wake ni pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, inayoundwa kutokana na kumbukumbu za mashirikisho ya soka. Klabu ambayo haikumsajili kijana kupitia TFF haitaonekana humo, hata kama wilaya nzima inajua nani alimnunulia viatu vya kwanza. Nendeni mapema kwenye chama chenu cha soka mkahakikishe miaka yote minne imeandikwa, na akaunti ya benki iwe kwa jina la klabu, kwa sababu fedha hizi si za kocha, mzazi wala wakala. Nakusihi pia usikubali kutia saini karatasi ya kusamehe fidia anayokuletea wakala kwa ahadi ya jezi.

SWALI: Binti yangu anachezea timu ya wasichana hapa Lindi, naye ana miaka 16. Klabu ya nje ikimtaka, timu yake italipwa fidia hiyo?
Mama wa mchezaji, Lindi

JIBU: Mama, fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake, na kwangu hilo ni pengo linalowaonea walezi wa mabinti; mgawo wa mshikamano, hata hivyo, unawahusu. Zaidi ya hayo, binti aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusajiliwa nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wanapohamia huko kwa sababu zisizohusu soka, au familia inapoishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani na klabu ya ng'ambo nayo iwe ndani ya kilomita 50, huku mtoto akiendelea kulala nyumbani. Anayekuambia vinginevyo muombe barua ya TFF kabla hujampa cheti cha kuzaliwa cha mwanao.