Kisiwani: tulale gesti au tukodi nyumba?

Likizo ikikaribia, maswali mengi yanayoingia hapa huwa ya visiwa vya Ziwa Victoria: Ukerewe, Rubondo, hata Saanane iliyo hapa hapa mjini Mwanza. Leo nimeyachukua ya malazi.

Shikamoo dada. Tuko saba, wazazi na watoto watano, tunataka kulala Ukerewe usiku nne. Vyumba vitatu gesti au nyumba nzima? (Baba, Buzuruga)

Marahaba kaka. Tupige hesabu kwa bei za mfano, wewe utaweka zile utakazotajiwa. Tuseme chumba ni Sh 35,000, basi vyumba vitatu kwa usiku nne ni Sh 420,000. Mkila mgahawani milo miwili kwa siku, sahani Sh 5,000, watu saba mtatumia Sh 70,000 kila siku, yaani Sh 280,000. Jumla Sh 700,000.

Nyumba tuseme ni Sh 120,000 kwa usiku, na usafi Sh 30,000 mara moja: Sh 510,000. Mkinunua sato na dagaa sokoni Nansio, mkajipikia kwa Sh 30,000 kwa siku, jumla inakuwa Sh 630,000. Mmeokoa Sh 70,000. Kwa usiku mmoja tu, hesabu hiyo hiyo inageuka na gesti inakuwa nafuu kidogo, tena mara nyingi chai ya asubuhi imo humo humo.

Ila nani atapika? Kama mama watoto ndiye atakayeamka kupaa samaki, kusonga ugali na kuosha vyombo vya watu saba huku ninyi mko ufukweni, yeye hajaenda likizo. Hiyo Sh 70,000 mtafuteni mama wa pale pale awapikie mchana. Na kabla ya kulipa, omba picha ya jikoni, siyo ya sebule. Kuna nyumba ina makochi mazuri na televisheni ukutani, jikoni sufuria mbili zisizo na mifuniko na mtungi wa gesi mtupu. Uliza pia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni juu ya nani, maana wengine hufika wakakuta mita inalia.

Mwenye nyumba ananiambia nitume hela yote kwa simu ndipo aniwekee nafasi. Nitume? (Msomaji, Magu)

Usitume yote. Toa kianzio, salio utoe ukishaingia ndani. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue bomba, awashe taa. Jina linalotokea kwenye muamala likiwa tofauti na alilokutajia, simama hapo hapo. Mwenye nyumba wa kweli hawezi kukasirika ukimuuliza.

Tumepata nyumba iko ufukweni kabisa, watoto wataogelea mlangoni. Kuna la kuangalia? (Mama, Nyegezi)

Lipo, mama, na naomba ulichukulie kwa uzito: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, wakaogelea na kupenya ngozini; mtoto hahitaji kunywa maji ndipo aupate. Hupenda maji yaliyotulia yenye majani pembeni, na mara nyingi ufukwe wa mlangoni uko hivyo hivyo. Mwambao wa Ziwa Victoria, Ukerewe ikiwemo, unaujua ugonjwa huu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo muulize mwenye nyumba maji ya bafuni yanatoka wapi. Kama ni pampu inayovuta ziwani moja kwa moja hadi kwenye bomba, hapo kuoga ndani na kuoga ziwani ni sawasawa. Yakikaa kwenye tanki siku mbili bila kuongezewa mengine, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa, na ukiyachemsha vinakufa pia. Ya kunywa chemsha kwa vyovyote. Kama watoto walishaingia ziwani, wapeleke kituo cha afya wiki kadhaa baadaye wapimwe. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Swali hili la maji liulizwe gestini pia.

Tumeoana juzi, tunataka Rubondo. Kuna nyumba za kukodi? (Geita)

Hongereni sana. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, haina kijiji wala duka. Kuna kambi binafsi ya kifahari inayowahudumia kwa chakula, na kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambako mnakwenda na vyakula vyenu. Kwa bajeti ya kawaida ningechagua banda, mkabeba mchele, unga, mafuta na viungo kutoka nyumbani. Kumbukeni kiingilio cha hifadhi ni mbali na malazi. Mtaona nzohe, swala wa majimaji, na mkibahatika sokwe, ambao wazazi wao waliletwa kisiwani miaka ya 1960. Wageni wenu wakitokea Mwanza, safari imekuwa fupi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025.

Na Saanane? (Kirumba)

Nenda asubuhi, rudi jioni. Ni dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Fedha ya malazi itumie mjini.

Nimelipia gesti Nansio na nina safari ya kuendelea kisiwa cha Ukara. Nikikosa meli hela inapotea? (Dada, Musoma)

Siku nyingine uliza kabla ya kulipa; kwa sasa mpigie mwenye gesti, kwa sababu gesti nyingi zitakusogezea siku ukipiga simu mapema, wakati nyumba ya kukodi huwa ngumu. Wewe wa Musoma unaweza kupitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi, bila kungoja meli ya Mwanza. Ukikodi nyumba, chukua namba ya anayeshika funguo pale kisiwani, maana mwenyewe anaweza kuwa Dar es Salaam amelala.

Lakini dada, chumba ulichokilipia kisikusukume kupanda chombo kilichojaa. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na ilikuwa imebeba kupita uwezo wake. Ukiona watu wamesongamana hadi mlangoni, shuka, kisha mpigie mwenye gesti umwambie unafika kesho.