Bibi wa Pangani hawezi kuitwa Brenda

SWALI: Shikamoo shangazi. Naandika tamthilia ya redio, ni familia ya wavuvi wa Pangani mwaka 1965, kuna bibi, mwanawe, mkwewe na wajukuu watatu. Bibi nimempa jina Brenda, mwanawe Brian, wajukuu ndo kina Kelvin. Sasa jamaa yangu kasoma sini ya kwanza akacheka mpaka basi, eti wanasikika kama watu wa Mikocheni, Dar. Tamthilia yenyewe nimeiita Safari ya Maisha. Nikosoe tu sikasiriki.
Kijana wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Na mimi nimecheka, nisamehe.

Hivi huyo bibi ana miaka mingapi? Tuseme 70, basi kazaliwa kama 1895 hivi, hilo jina la Brenda kalitoa wapi? We anza na siku aliyozaliwa, ndo wazee walivyokuwa wanafanya na wengine mpaka leo. Kazaliwa usiku, Chausiku. Sikukuu ya Idi, Mwanaidi. Ijumaa, Mwajuma. Mwanaume wa Alhamisi ni Hamisi, wa mwezi wa mfungo Ramadhani, na kama mimba yake ilikuja mama ameshakata tamaa mwite Sikudhani au Mashaka, hapo umeshatoa historia nzima ya nyumba na hakuna aliyefungua mdomo. Mjukuu wa mwisho kama kazaliwa Desemba 1961 mwite Uhuru, nani atashangaa.

Halafu hii ni redio, msikilizaji kabaki na masikio tu. Ukimwekea Saidi, Seifu na Salumu kwenye sini moja dakika ya pili kashapotea, anazima anaenda kuosha vyombo. Changanya: Athumani, Hamisi, Kombo, yaani kila jina lianze na sauti yake na urefu wake.

Ila kitu kikubwa zaidi, na hapa ndo waandishi wengi mnachemka, watu wa nyumba moja hawaitani majina kila sentensi! Mkwe hawezi kusema "Athumani njoo" mbele ya mavyaa wake, atasema baba Pili. Bibi naye mjukuu wake wa kiume anamwita mume wangu, anamtania, anamuuliza leo umeniletea nini, na mtoto mwenye jina la babu yake mzaa baba utasikia mama mwenyewe anamwita baba. Ukiyaweka haya msikilizaji anajua nani anaongea na nani, hata msimulizi humhitaji sana.

Safari ya Maisha iache, hilo jina linakaa kwenye hadithi yoyote ile ndo maana haliikai yako. Wavuvi hao wana chombo? Majahazi yana majina, yamepakwa rangi kabisa ubavuni. Chombo chao kinaitwaje na nani alikipa hilo jina? Nina wasiwasi tamthilia yako imejificha hapo.

SWALI: Shangazi, kikundi chetu cha kina mama tunatoa kanga, doti 200. Pindo tumeshachagua, mji (pale katikati) una korosho, jina bado, yaani yale maneno yanayoandikwa. Mwenyekiti anataka "Mwanamke ni nguzo ya maendeleo endelevu". Unaonaje?
Mama wawili, Mtwara

JIBU: Mwambieni mwenyekiti hiyo ni ya bango la semina. Kanga mtu anainunua kwa sababu kuna kitu anataka kumwambia jirani, mke mwenzie au mumewe, na hataki kukitamka. Anajifunga, anapita mlangoni, basi, kazi imeisha. "Maendeleo endelevu" atamwambia nani?

Angalieni hizi zinazojulikana, "Japo sipati tamaa sikati", "Wema hauozi", fupi, ina mapigo, na kila mmoja anajua mwenyewe inamhusu vipi. Mi ningejaribu kitu kama "Nimekuona nimenyamaza". Hesabuni mizani, 5 kwa 5, inakaa mdomoni vizuri, na mwenye lake rohoni atashtuka. Kama ni kali mno kwa kikundi tafuteni ya upole, lakini isomeni kwa sauti sokoni muone nani anageuka.

Na kabla ya kupeleka kiwandani pitieni herufi moja moja. Mimi ninayo moja imeandikwa MVUMLIVU, mpaka leo ni ya kuepulia sufuria.