Kutoka Dhahania hadi Umbo la Mtu: Anza na Kivuli, Acha Mstari

Mchoraji aliyezoea dhahania, yaani picha za rangi na maumbo yasiyoonyesha kitu halisi, akitaka kuchora mtu, mara nyingi huyatupa yote aliyokwisha kujifunza. Hushika penseli, huzungusha mstari mwembamba kuufuata mwili, kisha hujaza rangi ndani. Mtu huyo huonekana amekatwa gazetini na kubandikwa. Jicho lako tayari linajua kupima uzito wa bonge moja la rangi dhidi ya jingine. Mtu naye achorwe hivyohivyo.

Weka taa moja tu, upande mmoja wa anayechorwa, juu kidogo ya kichwa chake. Taa mbili hufuta kivuli, na bila kivuli mwili huwa bapa. Finya macho mpaka vitu vidogovidogo vipotee, ubaki na mabonge matatu: mwanga, kivuli na rangi ya kati. Yaweke kwa brashi ya sentimita 4 au 5 kwenye turubai la sentimita 40 kwa 50, kwa kahawia iliyokoza na nyeupe pekee. Dakika 20 zikiisha, weka brashi chini, hata kama picha haijakamilika. Kumi za namna hii zitakufaa kuliko moja ya wiki nzima.

Uso usubiri. Anayeanza na macho huyachora makubwa, na miguu hukosa nafasi. Kichwa cha mtu mzima huingia takriban mara saba na nusu katika urefu wake. Pima kwa mpini wa brashi, mkono ukiwa umenyooka.

Kazi ngumu hasa iko nyuma ya mtu. Ukimwacha na rangi zake na ukuta na rangi zake, ataelea. Chukua rangi ya ukuta uitie kwenye kivuli cha shingo na kwapa. Kivuli cha bega kinapokutana na kivuli cha ukuta, acha ukingo upotee kabisa, usiogope. Tazama alivyofanya Richard Diebenkorn, mchoraji wa Marekani aliyeacha dhahania na kugeukia watu mwaka 1955 huko Berkeley, California: sakafu, dirisha na ukuta vina nguvu sawa na mwanamke aliyeketi. Mwaka 1967 alirudi kwenye dhahania, na mafunzo hayo hayakupotea.

Kwa rangi za mafuta, tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini, yanayofuata yaongezewe mafuta kidogokidogo. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kabla ya la chini, na picha hupasuka.